Kadi Mbili, Mtu Mmoja

Wiki mbili baada ya kurudisha ufunguo wa ofisi, Chebet alinipigia simu akaniuliza kama bado ninalo lile daftari la kijani. Chebet ndiye anayekalia kiti changu sasa. Nikamwambia daftari ninalo, ila mwandiko wangu hunishinda hata mimi mwenyewe. "Basi andika upya, Madam," akasema, "na uweke pia zile vitu hazikuwa kwa daftari." Nimeandika. Vyeo na mishahara nimeviacha. Viko kwenye faili na havijawahi kumfundisha mtu kazi.

Kwa asiyeijua, kazi yetu ni hii. Watu wawili au mashine mbili zikitaka kuaminiana kwa mbali, lazima pawe na utaratibu wa nani anasema nini kwanza na nani anajibu nini. Utaratibu huo tunauita itifaki. Mimi nilikuwa naandika itifaki, na kabla ya itifaki nilikuwa naandika ahadi yake: mazungumzo haya yakiisha, ni jambo gani ni lazima liwe kweli, hata kama katikati alikuwepo mtu mwenye nia mbaya. Mama yangu hadi leo huwaambia watu kanisani kwamba mwanawe alikuwa akitengeneza vitasa, na nimeacha kumsahihisha.

Nilianza nikiwa nimetoka kufundisha hesabu shule ya upili. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo pale Mumbuni, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda nasi ngazi kila asubuhi. Mkuu wangu alikuwa Bwana Odhiambo, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye stesheni za reli kabla ya kuingia mambo ya umeme. Siku ya kwanza sikupewa kompyuta. Nilipewa kiti, chai, na swali.

"Reli ni moja, treni zinatoka pande zote mbili," akasema. "Stesheni zina mashini, kila upande moja, na ndani kuna vijiti vya chuma. Dereva hatoki bila kijiti. Kijiti kimoja kikishatoka, mashini zote mbili zinajifunga mpaka kirudishwe. Sasa niambie, hicho kijiti kinamwahidi dereva nini?"

"Kwamba ameruhusiwa kwenda."

"Hapana. Kuruhusiwa hata mimi naweza kumruhusu kwa mdomo. Kijiti kinaahidi kwamba hakuna mwingine mbele."

Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata darasani kwa miaka sita. Hesabu zangu zote zilikuwa za kutafuta jibu. Hapa palikuwa na mtu aliyetaka kwanza kujua swali.

Somo la pili lilikuwa langoni mwa kiwanda kimoja njia ya Kinanie. Wenye kiwanda walikuwa wamefunga lango la kufunguka kwa rimoti na walitaka tuwaambie kama ni salama. Bwana Odhiambo alinipa rimoti nibonyeze, lango likafunguka, likajifunga. Kisha akatoa mfukoni kidude kidogo alichokiunganisha mwenyewe kwa waya na gundi, akakibonyeza, lango likafunguka tena. Kidude kilikuwa kimesikiliza nilipobonyeza, kikahifadhi yale mawimbi, na sasa kilikuwa kikiyarudia tu bila kuyaelewa.

"Lango limesikia neno la uongo?" akaniuliza.

"Limesikia neno sahihi."

"La leo ama la jana?"

Hapo nikaelewa kwamba kujua ujumbe umetoka kwa nani hakutoshi. Lazima ujue pia kama umesemwa sasa hivi. Tangu siku hiyo kila lango tuliloandikia lilimuuliza mpiga hodi namba mpya isiyowahi kutumika, ili jibu la jana lisifae leo. Askari wa lango la kiwanda kile alikuwa akitutazama muda wote huo. Tulipoondoka aliangusha komeo la chuma kwa ndani, na sidhani kama alilitoa tena.

Chombo chetu kikuu kwa miaka ile kilikuwa bahasha. Kabla ya itifaki yoyote kwenda kwa mteja, tuliicheza. Mmoja alikuwa ofisi, mwingine kifaa, na Bwana Odhiambo alikuwa posta. Kila barua ilipita mikononi mwake, na yeye ndiye alikuwa mwizi pia. Sheria ilikuwa moja: bahasha iliyofungwa kwa siri asiyoijua haifungui, lakini vingine vyote ruhusa. Anaweza kuchelewesha, kurudia, kumpelekea huyu barua ya yule, au kujifanya mimi. Alikuwa mwizi hodari mno kwa mzee wa kanisa. Nakumbuka itifaki niliyoiandika kwa mwezi mzima aliivunja kabla chai haijapoa, kwa kuichukua barua yangu kwa kifaa cha kwanza na kuipeleka kwa kifaa cha pili, kwa sababu sikuwa nimeandika ndani ya bahasha barua ni ya nani. Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikaandika upya. Nyinyi mliobaki ofisini mna programu ya kukagua inayojaribu njia zote za mwizi kwa dakika chache. Ni nzuri. Lakini mara mojamoja chezeni na bahasha, mtaona mambo ambayo programu haina macho ya kuyaona.

Bwana Odhiambo alistaafu, nikabaki. Chebet akaja kutoka Syokimau na kompyuta yake na viatu vyekundu, akanifundisha kuandikia ile programu. Sasa nifike kwenye kesi ya maji, ambayo ndiyo aliyoiulizia kwenye simu, na ambayo kwenye daftari la kijani ina mistari minne tu. Niliona aibu kuandika zaidi.

Kilomita chache kutoka soko la Muthetheni kulikuwa na mradi wa maji wa kisima kimoja na tangi moja kubwa mlimani. Maji yalitosha upande mmoja kwa wakati mmoja: Upande wa Juu siku kadhaa, Upande wa Chini siku kadhaa. Vali ya kugeuza maji ilikuwa imevunjwa kufuli mara nyingi kiasi kwamba fundi aliacha kununua kufuli. Kamati ikatuomba kitu ambacho hakiwezi kugeuzwa na upande mmoja kwa siri. Nikakaa nao chini ya paa la kanisa, nikaandika ahadi kwa Kiswahili na kwa Kikamba, ikasomwa kwa sauti: maji hayatahama upande mpaka pande zote mbili zijue na zikubali.

Tukaweka boksi la chuma kwenye vali. Kila upande ulichagua mwakilishi mmoja, akapewa kadi na namba ya siri. Kadi zote mbili zikiingia ndani ya dakika kumi, kila moja na namba yake, vali inageuka na kumbukumbu inaandikwa. Upande wa Chini walimchagua Syokau. Upande wa Juu walimchagua Mbithe, mdogo wake Syokau wa tumbo moja, aliyeolewa huko juu. Watu walifurahi, wakasema hao wawili hawawezi kupigana mawe.

Nilichukua wiki tatu kuthibitisha itifaki ile. Kadi ya kughushi, imekataliwa. Ujumbe wa jana, umekataliwa. Chebet akaizungusha kwenye programu, akaja mlangoni kwangu. "Madam, imekubali. Hakuna njia." Nikatia sahihi, nakala ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kamati. Iling'aa, kwa sababu mwenyekiti aliiwekea plastiki.

Miezi saba ilipita bila neno. Kisha Syokau akafiwa na mjomba wa mume wake huko Kibwezi, akaondoka Jumatano. Alhamisi ilikuwa siku ya kugeuza maji kwenda juu. Kabla ya kuondoka alipita kwa mdogo wake, akampa kadi na namba ya siri, akamwambia amshikie zamu. Jumatano hiyohiyo jioni, muuguzi wa zahanati iliyo Upande wa Chini alimpigia Syokau. Tangi dogo la zahanati lilikuwa limepasuka, limezibwa, na sasa lilikuwa tupu. Alitaka kuomba maji yasigeuzwe mpaka Ijumaa, lijae kwanza. Lakini simu ya Syokau ilikuwa imezima huko matangani. Muuguzi hakujua kuna mtu mwingine wa kumwambia.

Alhamisi saa nne Mbithe alipanda mlimani peke yake, akaingiza kadi ya dada yake na namba ya dada yake, kisha akaingiza kadi yake na namba yake. Maji yakaenda juu. Ijumaa alfajiri mwanamke alifika zahanati akiwa na uchungu wa kuzaa, na mifereji ilikuwa mikavu. Muuguzi alikuwa na madebe mawili tu. Jamaa za yule mama walikimbia mtoni kufukua mchanga, maji yakachemshwa kwa kuni, na mtoto akazaliwa mzima. Mama yake alipona baada ya siku za homa. Ningependa kusema niliyajua haya siku ile. Niliyajua Jumatatu, mwenyekiti wa kamati alipoingia ofisini na kofia mkononi akaomba kumbukumbu ya boksi.

Kumbukumbu ilisema: Alhamisi, saa nne na dakika nne asubuhi, Syokau amekubali. Saa nne na dakika tano, Mbithe amekubali.

"Na Syokau alikuwa Kibwezi kwa matanga," mwenyekiti akasema. "Watu zaidi ya mia wamemwona. Kwa hivyo mdogo wake ameiba namba. Na Syokau akisema alimpa mwenyewe, basi wamepanga wote wawili, wakauza maji ya wagonjwa. Kamati imeamua Jumamosi watatolewa kwa mwethya."

Kwa wasiotoka huku: mwethya ni kikundi cha kufanyiana kazi. Leo mnachimba matuta kwangu, kesho kwako. Ukitolewa kwenye mwethya hakuna atakayekuja kukuchimbia, kukujengea, wala kukupikia siku ya msiba wako. Kwa mwanamke wa kijijini hilo ni zito kuliko faini yoyote. Na ushahidi wa kuwatoa dada wale ulikuwa karatasi ile ya plastiki yenye sahihi yangu.

Nilifungua uthibitisho wangu nikausoma kutoka mwanzo. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ukurasa wa pili, kwenye mambo tunayoyachukulia kuwa kweli kabla ya kuanza, mstari wa nne: kila kadi iko mkononi mwa mwenyewe. Mstari huo niliuandika kwa nusu dakika.

Kilichonichoma ni kwamba mimi nilikuwa mtu wa mwisho kustahili kuuandika. Nikiwa na miaka tisa mama aliugua, akanituma mwethya na jembe lake. Karani alipoita majina, nikaitika kwa jina la mama, akaweka alama, na siku ile mama alihesabiwa amefika. Hakuna aliyedanganya. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo. Ukimpa mtu jembe lako umempa nafasi yako, na ukiacha nafasi yako wazi ndipo utakuwa umekosa adabu. Nilikulia ndani ya desturi hiyo, kisha nikakaa ofisini na kuandika kwamba haipo.

Jumamosi nilienda. Walikuwa watu labda sitini kwenye uwanja wa kanisa, wanawake wengi. Mbithe alikuwa amekaa mwisho wa benchi, leso ameivuta mpaka usoni. Syokau alikaa karibu naye na alikuwa hajafunika kitu. Alikuwa akimtazama mwenyekiti kana kwamba anamhesabia meno. Mwenyekiti akaniita mbele.

"Madam, useme mbele ya watu. Hii mashini yako inadanganya?"

"Haidanganyi."

"Basi Syokau alikuwa hapa Alhamisi."

"Hakuwa."

"Basi inadanganya."

"Mashine iliona kadi mbili, ikasema kadi mbili. Mimi ndiye niliyewaambia kadi ni mtu. Hiyo karatasi mliyoiweka plastiki, hapo ndipo uongo ulipo, na sahihi ni yangu."

Nilisikia uso wangu ukiwaka. Nilikuwa nimetia sahihi karatasi kama zile miaka mingi na sikuwahi kusimama mbele ya watu kuikana hata moja. Nikauliza kama kuna mtu pale ambaye hajawahi kumtuma mwingine na jembe lake kwenye mwethya. Wanawake wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, akazibwa mdomo na jirani yake, kisha wakacheka wengi.

Mwenyekiti hakucheka. "Jembe ni jembe. Hii ni maji."

Ndipo Mbithe akasimama. "Wacha niseme. Mtu akiwa na jembe lake, hawezi shikilia mwingine jembe. Hiyo tunajua wote. Uko na mikono miwili, utalima na majembe mawili aje? Ingekuwa ni jembe ningemwambia Syokau atafute mwingine. Lakini alinipea kadi. Kadi haina uzito. Nilifunga kwa leso pamoja na yangu, nikaona ni kitu kimoja." Akaishusha leso kutoka usoni. "Ule mama alikuwa akizaa, mimi nilienda kumwona. Nilimwomba msamaha. Lakini mimi si mwizi."

Muuguzi, aliyekuwa amekuja na sare yake, akainua mkono. "Mimi ndio nilikosa maji, na sitaki mtu atolewe. Nataka tu kujua Syokau akienda, ni nani nitapigia simu."

Niliandika maneno hayo mawili kwenye daftari papo hapo, la Mbithe na la muuguzi. Katika miaka yangu yote hakuna mteja aliyewahi kunipa mahitaji kwa ufasaha ule. Kamati ikajadiliana pembeni kwa muda mrefu, mwenyekiti akarudi akasema wale dada watabaki kwenye mwethya, na Madam atarudi kurekebisha karatasi yake. Syokau alimshika mdogo wake mkono wakaondoka bila kumuaga mtu.

Nilirudi, mara nane. Niliwauliza wanawake wa pande zote mbili ni nani anaweza kumwakilisha nani, nikajifunza kwamba kuna itifaki nzima ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika. Binti anaweza. Mkaza mwana, yaani mke wa mwanao, anaweza, ila kwanza awe amepikia wageni katika boma hilo. Jirani anaweza mkiwa hamna ugomvi. Mume hawezi kabisa, na nilipouliza sababu walinitazama kwa huruma. Aliyekuja na jembe lake hawezi kubeba nafasi ya mwingine. Na anayetuma mtu hutuma mchana, mbele ya macho, kwa sababu jembe begani huonekana na kila unayepishana naye. Kadi yangu haikuonekana na mtu.

Kwa hiyo hatukukataza kutuma mtu. Tulikufanya kutuma kuwe jambo linalosemwa. Anayeondoka hutuma ujumbe kwenye boksi akitaja jina la atakayemwakilisha. Mtu huyo hupewa namba yake ya muda. Na boksi huwaarifu wawakilishi wa pande zote mbili pamoja na muuguzi. Mwenye kadi ya upande mmoja hawezi kutajwa na upande wa pili. Nilijivunia sana. Chebet akaizungusha kwenye programu, na baada ya robo saa nikasikia akiniita.

"Madam, kuna kanjia."

Programu ilikuwa imetubunia mwanamke asiye na kadi yoyote. Dada wote wawili wamesafiri, kila mmoja kwa safari yake, na kila mmoja amemtaja yeye. Anapanda mlimani peke yake na anakubaliana na nafsi yake. Tulitazamana na Chebet tukacheka mpaka jirani wa dawa za mifugo akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Tukaongeza mstari wa kumkataa huyo pia. Safari hii nilipofika kwenye mambo tunayoyachukulia kuwa kweli, nilikaa kwa kila mstari siku nzima, na niliusoma kwa sauti pale kanisani kabla ya kutia sahihi.

Boksi jipya lilikuwa limekaa wiki tano, nami nilikuwa nimebakisha siku nne za kazi, simu yangu ilipolia asubuhi. Alikuwa Syokau, na hakunisalimia.

"Madam, hii mashini yako iko na madharau. Naenda Makindu kwa binti yangu, nimeandika jina la mwenye atanishikia, imekataa."

"Umeandika nani?"

"Mbithe."

Baada ya mambo yote yale, baada ya uwanja ule wa kanisa, kidole chake kilikuwa kimeenda kwa jina lilelile. Machozi yalinijia, na nasema hivyo bila haya.

"Mama, Mbithe ana kadi yake. Hawezi kukushikia."

"Mimi najua ako na kadi! Lakini ni yeye naamini."

"Najua. Sasa mtaje mwingine."

Alisema jambo kwa Kikamba kuhusu watu waliosoma, akakata simu. Niliwasha skrini ya mradi nikasubiri. Dakika sita baadaye ujumbe ulipita kutoka kwenye boksi kwenda kwa Mbithe na kwa muuguzi: Syokau amesafiri, Upande wa Chini unawakilishwa na Katunge, mke wa mwanawe.

Muuguzi ndiye aliyejibu kwanza. Aliandika neno moja: Nimejua.